Jinsi ya kujua kama mashine mpya ya kuchimba handaki ni mpya kweli au ni maneno matupu

Wadau, kila baada ya muda inapita klipu kwenye magrupu yetu ya Arusha, mashine ndefu inatoboa mlima, muziki mzito nyuma, halafu maandishi kwamba uchimbaji wa mahandaki umebadilika moja kwa moja na bei imeshuka mara kumi. Hapo hakosi mtu wa kusema basi waje watupigie handaki kutoka Sakina mpaka Tengeru tupumzike na foleni, mwingine anamjibu huo ni uongo wa Wazungu, wanabishana mpaka usiku wa manane na hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo mashine imebadilisha nini hasa. Sasa hapa naweka namna ya kuuliza. Sio lazima uwe injinia, ukishajua kazi ya handaki inaendaje na namba zipi za kudai inatosha kabisa.

Anza kwa kuigawa kazi

Usikubali mtu akwambie "inachimba haraka" halafu mkaishia hapo. Kwenye handaki kuna kuvunja mwamba au kukata udongo, kuna kutoa kifusi, kuna kushikilia paa na kuta zisishuke, kuna hewa ya kuingiza na maji ya kutoa, na kuna kupima uelekeo usije ukatokea kwenye shamba la mtu. Waulize wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, wale wanaijua hii kazi bila kusoma popote: wanachoronga kwa kompresa, wanajaza baruti, wanalipua, wanasubiri moshi utoke, wanagonga paa kuangalia kama kuna jiwe limelegea, ndio waanze kupandisha mzigo, na kule kupandisha ndiko kunakula siku yote. Nimewahi kumwonyesha mzee mmoja wa kule klipu ya namna hii kwenye simu. Akaangalia mpaka mwisho kimya, akanirudishia simu akasema, "Sawa kijana, inakata. Hayo mawe yanapita wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza, na ukiweza kulijibu umeshawazidi nusu ya wanaobishana.

Tuichukue mashine yenyewe sasa, mafundi wanaiita TBM. Mbele ina kichwa cha duara kinachozunguka, nyuma yake kuna ngao ya chuma, nyuma ya ngao kuna mkono unaopanga vipande vya zege kuwa duara kamili, halafu unafuata mkia mrefu wenye mkanda wa kifusi, nyaya, mabomba na feni. Kwenye udongo laini inajisukuma kwa jeki kubwa zinazokanyaga duara la zege lililopangwa mwisho, ikishasogea kama mita moja na nusu au mbili inasimama, wanapanga duara jingine, wanajaza grauti, yaani uji wa saruji, nyuma yake, inasukuma tena. Ukijumlisha kusimama kwa ajili ya zege, kubadilisha meno yaliyoisha, mkanda kukatika na mambo ya umeme, mara nyingi kichwa kinazunguka chini ya nusu ya muda wa kazi.

Hesabu yake ni rahisi, ifanye hata kwenye karatasi ya maandazi. Tuseme kwa siku ya saa 24 kichwa kinakata saa 8 na saa 16 ni mambo mengine. Anakuja mtu na teknolojia inayokata mara mbili zaidi. Zile saa 8 zinakuwa 4, zile 16 ziko palepale, kwa hiyo kazi ya saa 24 sasa unaimaliza kwa saa 20. Mbio mara mbili, faida saa nne tu! Hata angeleta miale ya ajabu inayokata kwa sekunde moja, bado hizo saa 16 ziko pale zinakusubiri. Kwa hiyo ukiona tangazo linaongelea kukata tu na halisemi lolote kuhusu zege na kifusi, jua wameshughulika na kile kipande kinachopendeza kwenye kamera.

Halafu mtafute babu yake

Hii ndio hatua ninayoipenda kuliko zote. Karibu kila njia inayoitwa mpya ina babu, na babu mwenyewe kwa kawaida ana miaka hamsini au mia mbili. Kumtafuta sio kumdhalilisha mtu, unataka kujua babu alikwama wapi, halafu unamuuliza mjukuu kama pale amepita.

Ngao ya chuma yenyewe ni ya Marc Brunel, alichukua hati yake ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1818, akaanza handaki la chini ya mto Thames 1825 na likafunguliwa 1843, miaka 18 jamani, na treni zinapita humo mpaka leo. Mashine ya kichwa kinachozunguka kwenye mwamba sio ya juzi pia: Charles Wilson alijaribu ya kwake kwenye handaki la Hoosac kule Massachusetts mwanzoni mwa miaka ya 1850, ikaingia kama mita 3 ikagoma, wakarudi kwenye baruti. Miaka ya 1880 mashine ya Beaumont ikachimba zaidi ya kilomita moja na nusu kwenye chokaa chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, kazi ikasimamishwa kwa sababu Waingereza waliogopa kuvamiwa, mashine yenyewe ilikuwa inaenda vizuri tu. Hata kuchoronga kwa hewa ya kompresa, ambayo ndiyo kazi ya kila siku pale Mirerani, ilikuwa inatumika kwenye handaki la Mont Cenis kwenye milima ya Alps tangu 1861.

Sasa chukua zile njia za kisasa zinazotikisa watu. Kuvunja mwamba kwa moto bila kuugusa: Warumi walikuwa wanawasha moto kwenye mwamba mpaka upasuke, na miaka ya 1940 Wamarekani walishakuwa na mitambo ya ndimi za moto ya kutobolea mawe magumu ya chuma kule Minnesota. Kuyeyusha mwamba kabisa: maabara ya Los Alamos ilijaribu miaka ya 1970, mtambo wakauita Subterrene. Shida iliyomkwamisha babu huyu ni nishati. Mwamba ukiuyeyusha unalipia kila punje yake, wakati ukiubana sehemu mbili ukapasuka katikati, kibonge kinadondoka chenyewe. Kuyeyusha ni kama mtu anayeunguza gogo zima wakati shoka lipo mkononi. Kwa hiyo mjukuu akija na plazima au miale, usimkatalie, muulize anatumia umeme kiasi gani kwa kila mita moja ya ujazo wa mwamba, na joto pamoja na gesi za humo ndani anazipeleka wapi. Kampuni ya Petra ya San Francisco mwaka 2021 walionyesha roboti lao Swifty likipita kama mita 6 kwenye kwatizaiti, jiwe gumu balaa, kwa gesi ya moto. Hao nawapa maksi, kwa sababu wanalenga matundu ya mabomba na nyaya kwenye mwamba ambao mashine ndogo za kawaida zinachoka haraka, hawakusema wanakuja kujenga metro. Lakini mita 6 ni maonyesho. Kazi ni mita mia sita.

Na The Boring Company ya Elon Musk, maana hiyo ndio inayobishaniwa zaidi. Walianza na mashine ya mitumba kwa jina la Godot, wakachimba handaki la majaribio Hawthorne, California, likazinduliwa Desemba 2018. Baadaye wakatengeneza Prufrock, yao wenyewe, inayoingia ardhini ikitokea juu bila kuchimba shimo la kuanzia na inatoka vilevile. Watu wakashangilia. Kampuni ya Obayashi ya Japani imekuwa na njia ya kuanzia juu na kutokea juu tangu miaka ya 2000. Wazo la kukata huku unapanga zege bila kusimama nalo lipo kwenye mashine za mwamba za ngao mbili (ya nyuma inashikilia mwamba huku ya mbele ikikata) tangu miaka ya 1970. Hilo halimaanishi Prufrock haina maana, kulifanya jambo la nadra liwe la kila siku ni kazi kubwa ya ufundi, ila mtu asikwambie limezaliwa Texas, kwenye makao ya hiyo kampuni.

Uliza kipenyo kabla hujauliza bei

Hapa ndipo wengi wanapigwa, tena na watu waaminifu kabisa. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, udongo wa kutoa unabaki robo. Handaki la mita 8.5 na la mita 4.25 ni vitu viwili tofauti, la pili lina robo ya kifusi, zege kidogo, mashine ndogo, umeme mdogo. Kwa hiyo mtu akisema "nimepunguza gharama mara nne" angalia kwanza kama amebadilisha njia au amechimba tundu dogo. Handaki za kampuni ya Musk kule Las Vegas zina kipenyo cha ndani kama mita 3.7 hivi, na zile za treni za London za Bakerloo na Piccadilly zilizofunguliwa 1906 zilikuwa kama mita 3.5. Ni size ileile, bana. Uamuzi wa kuchimba dogo unaweza kuwa wa busara sana, ila huo ni uamuzi wa mpangaji, mashine haina sifa hapo.

Ukishapata kipenyo, sasa bei, na uliza ndani yake kuna nini. Handaki la Hawthorne, kama kilomita 1.8, kampuni ilisema limekula kama dola milioni 10, lakini lilikuwa la majaribio, halina stesheni za abiria. Mfumo wa kwanza wa kituo cha mikutano cha Las Vegas, uliofunguliwa 2021, handaki mbili za jumla ya kama kilomita 2.7 na stesheni 3, ulifika kama dola milioni 50. Umeona tofauti ilivyo? Stesheni, milango ya dharura, feni, umeme, fidia ya wenye nyumba juu, hivyo ndivyo vinavyomaliza hela kwenye metro za dunia nzima, na hakuna kichwa cha mashine kinachovigusa.

Namba ya kudai ni wastani wa mwezi

Sio rekodi ya siku. Mwaka 1994 kule Katoomba, Australia, mashine ya kampuni ya Robbins ilichimba mita 172 kwa siku moja, na wiki yake bora ilikuwa mita 703. Gawa kwa saba: mita 100 kwa siku. Yaani hata kwenye wiki ya rekodi, ile siku bora iko mbali sana juu ya wastani, sasa fikiria miezi ya kawaida ambayo mashine ilisimama. Lengo lililotangazwa la Prufrock ni maili moja kwa wiki, kama mita 1,600, zaidi ya mara mbili ya ile wiki ya Katoomba. Mbele zaidi wanataka kufika moja ya kumi ya mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na wenyewe ndio wanaosema konokono ana mwendo mara 14 kuliko TBM ya udongo laini. Lengo ni lengo, halina ubaya. Ila kwenye klipu lengo na matokeo vinachanganywa kwenye sentensi moja, we vitenganishe: andika upande huu walichosema watafanya, upande ule mita zilizochimbwa tangu mashine imeingia mpaka imetoka, gawa kwa miezi yote, pamoja na ile waliyokaa wanatengeneza.

Ardhi gani?

Hili ukilisahau mengine yote hayana kazi. Hapo nyuma kidogo nimesema chokaa chini ya bahari, ile ni ardhi laini nzuri inayokatika bila kubomoka, ndio maana Beaumont alifanikiwa na Wilson akakwama. Sisi huku tuko kwenye volkano. Ukichimba kuanzia Meru kushuka, au miteremko ya Kilimanjaro juu ya Moshi, unakutana na lava ngumu, chini yake majivu laini, kisha tope la zamani la mlima lenye mawe ya ukubwa wa kifodi (daladala ndogo) ndani yake, na maji ya chemchemi yanapita katikati. Wazee wa Kichagga waliochimba mifongo, ile mifereji ya maji, kwenye miteremko na yale mahandaki ya kujificha kule Marangu walichagua wapi pa kupita kwa macho na mikono, na mashine haina hiyo nafasi, inaenda mstari mmoja tu.

Mfano wa kutisha uko hapo juu Ethiopia. Gilgel Gibe II, handaki la maji la kilomita 26, wakaleta mashine za ngao mbili za kisasa kabisa. Oktoba 2006 moja ikafika kwenye ufa wa miamba, tope likaja kwa nguvu likaisukuma mashine nyuma, likaibana, wakachimba njia ya kuizunguka kwa muda mrefu sana. Mradi ukazinduliwa Januari 2010, na kabla mwezi haujaisha kipande cha handaki kikaporomoka. Mashine haikuwa mbaya. Na usidhani ni ya Afrika tu, Seattle mashine ya Bertha yenye kipenyo cha mita 17.5 ilisimama Desemba 2013 ikaja kuendelea miaka miwili baadaye. Kwa hiyo mtu akikuletea njia mpya, muulize imeshapita kwenye ardhi iliyochanganyika na maji, na inaona mita ngapi mbele ya kichwa kabla haijafika. Akianza kuzungumzia mbio tena, amekwepa.

Basi nini kilikuwa kipya kweli?

Kwa maoni yangu, mambo mawili, na yote hayakuwa na klipu. La kwanza ni James Robbins. Mashine zake za mwanzo, za miaka ya 1950 kwenye bwawa la Oahe, South Dakota, zilikuwa na meno ya kukwangua pamoja na diski zinazobingirika. Meno yakawa yanavunjika kila mara. Mwaka 1956, kwenye handaki la majitaka Toronto, wakaondoa meno wakabaki na diski peke yake, na ikakata bila shida. Ukitaka kujua kwa nini, angalia uso wa mwamba baada ya mashine kurudi nyuma: unaona mistari ya duara, mmoja ndani ya mwingine. Kila diski, kwa hizi za kawaida za sasa, inabana kwa kama tani 25 kwenye mstari wake, nyufa zinakimbia pembeni kukutana na nyufa za mstari wa jirani, na kipande cha katikati kinaruka kama kibapa. Karibu kila TBM ya mwamba leo duniani inatumia hiyo hiyo. Uvumbuzi ulikuwa kutoa kitu.

La pili ni kushikilia uso wa mbele kwa presha. Zamani kwenye mchanga wenye maji walijaza handaki zima hewa ya kompresa na wafanyakazi wakawa wanaumwa wakitoka, wengine wanakufa. Mwaka 1964 John Bartlett wa Uingereza akachukua hati ya uvumbuzi ya mashine inayojaza tope la bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, kwenye chumba cha mbele tu, watu wakabaki nyuma kwenye hewa ya kawaida. Wajapani miaka ya 1970 wakaenda mbele zaidi wakatumia udongo uleule uliokatwa: unajazana kwenye chumba nyuma ya kichwa, skrubu ndefu inautoa taratibu, ukitaka presha ipande unapunguza mzunguko wa skrubu, ukitaka ishuke unauongeza. Hiyo ndiyo imewezesha metro kupita chini ya nyumba za watu kwenye mchanga na maji bila nyumba kutitia. Ukipima kitu chochote kipya, kiweke pembeni ya hivi viwili uone: je, kuna ardhi ambayo jana ilikuwa haipitiki na leo inapitika? Kama ipo, hiyo ni kubwa. Kama ni ardhi ileile kwa bei nafuu kidogo, ni maendeleo mazuri ya kawaida, na hayana haja ya muziki.

Kitu kimoja cha Musk nakikubali na sikioni kikisemwa sana: kutengeneza mashine ya aina moja, kipenyo kimoja, na kuitumia tena na tena. Kwa kawaida TBM inaundwa kwa ajili ya kazi moja, ikiisha inavunjwa au inazikwa, na kuna moja ya mradi wa handaki la bahari la Uingereza na Ufaransa iliishia kuuzwa eBay mwaka 2004. Huo ni ubunifu wa biashara. Sawa, uite hivyo.

Kwa hapa kwetu

Foleni ya Mnara wa Saa na Sakina haitaki TBM, inataka vifodi vipewe pa kupakia na kushushia abiria, hilo silijadili sana. Na hata pale handaki linapohitajika, kama ni fupi, mashine haina faida: yale manne ya reli ya SGR kule Kilosa kwa pamoja hayafiki kilomita 3, na kwa urefu huo baruti na zege la kupuliza ndio njia ya akili. Kinachoweza kukukuta wewe mkazi wa Njiro au Majengo Moshi ni kitu kidogo zaidi, mkandarasi anayetaka kupitisha bomba la maji au la majitaka chini ya barabara bila kuikata lami, kwa kusukuma bomba na jeki au kwa kuchoronga kwa mlalo. Ni njia ya miaka mingi huko nje na inafanya kazi vizuri. Akija kwenye kikao cha mtaa akiiita teknolojia mpya, mwache aiite anavyotaka, we muulize amepima udongo sehemu ngapi kwenye huo mstari, akikuta jiwe kubwa katikati anafanyaje, nani analipa lami ikititia baada ya masika, na aonyeshe kazi aliyomaliza kwenye udongo wa volkano kama huu, akupe na namba ya simu ya mteja wa hiyo kazi.